Utafiti wa Uvimbe wa Ubongo Wahitaji Ifo

Kila mwaka wapasuaji wa ubongo wa Marekani hukutana katika kongamano lao kuu, na miongoni mwa shughuli za siku hizo ni kuwatangaza waliotunukiwa kwa utafiti wao juu ya uvimbe wa ubongo. Iko tuzo iitwayo Preuss kwa watafiti chipukizi, iko iitwayo Mahaley kwa utafiti unaohusu wagonjwa moja kwa moja, na ziko nyingine kadha wa kadha. Habari hizo zikitufikia huku kwetu, hutufikia kama vigelegele vya harusi ya mtaa wa pili: twavisikia, pilau hatuioni. Leo nawaomba walimu wenzangu na wanafunzi, hususan mlioko Garissa na Dadaab, tuzisikilize kwa sikio jingine. Nadai kwamba kambi ya Ifo ina kitu ambacho watafiti hao wanakihitaji, na kitu chenyewe si huruma.

Nianze na maneno, maana ndiyo kazi inayonilisha. Twasema tuzo, na twasema ruzuku, na aghalabu twayachanganya. Tuzo latokana na kutuza, yaani kumpa mcheza ngoma au mwimbaji kitu mkononi kwa kuwa amekwisha kukufurahisha. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja, wote asili yao Kiarabu. Anayeruzukiwa huenda hajafanya lolote bado, bali amepewa cha kumwezesha kuamka kesho akafanya. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mpasuaji wa ubongo huingia chumba cha upasuaji asubuhi na pengine akatoka jua limekuchwa. Mtu wa namna hiyo atafanya utafiti saa ngapi? Ruzuku humnunulia muda: siku moja au mbili za juma katika maabara, mshahara wa msaidizi, kemikali, na jokofu la kuhifadhia vipande vya uvimbe.

Matunda yake ni yapi? Chukua mfano wa Henry Brem wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mpasuaji aliyeshirikiana na mhandisi Robert Langer. Walitengeneza vidonge bapa vyenye dawa, ambavyo mpasuaji huviacha ndani ya shimo alikouondoa uvimbe, vikayeyuka polepole na kuziua seli zilizosalia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 1995, wagonjwa 222 ambao uvimbe ulikuwa umewarudia waligawanywa makundi mawili. Nusu ya waliotiwa dawa waliishi wiki 31 au zaidi; kwa wenzao ambao vidonge vyao havikuwa na dawa, kipimo hicho kilikuwa wiki 23. Mwaka wa 1996 serikali ya Marekani ikaiidhinisha dawa hiyo. Wiki nane! Mtu mzima wa afya anaweza kucheka. Lakini uvimbe mbaya zaidi wa ubongo huota mizizi ndani ya ubongo wenyewe kama magugu katika shamba la mpunga, na huwezi kuung'oa wote bila ya kung'oa na mpunga. Katika fani hii wiki nane huhesabika, na watu huzitolea jasho la miaka.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kisha tutarudi Ifo kwa njia ambayo pengine hamkuitarajia. Mnamo miaka ya 1880 alikuwako kijana wa Norway aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la mji wa Bergen. Alitunukiwa nishani ya dhahabu kwa utafiti wake juu ya viumbe wadogo wa baharini. Kijana huyo akaomba apewe nishani ya shaba badala ya ile ya dhahabu, na tofauti ya thamani apewe fedha. Kwa fedha hizo akafunga safari mwaka wa 1886 hadi Pavia, Italia, kwa Camillo Golgi, ambaye alikuwa amegundua namna ya kuzitia rangi seli za neva zikaonekana kwa darubini. Aliporudi akaandika tasnifu juu ya muundo wa mfumo wa neva, akatahiniwa na kupewa udaktari mwaka wa 1888, muda mfupi kabla ya kuondoka kwenda kuivuka Greenland kwa skii juu ya barafu. Aliigeuza tuzo ikawa ruzuku kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake ni Fridtjof Nansen.

Wakazi wa Ifo wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Mwaka wa 1921 Nansen alifanywa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, na pasipoti aliyowabunia watu wasio na nchi iliitwa kwa jina lake. Tangu mwaka wa 1954 Umoja wa Mataifa hutoa Tuzo ya Nansen kwa waliowatumikia wakimbizi. Mwaka wa 2023 tuzo hiyo ilimwendea Abdullahi Mire, mwanahabari aliyelelewa Dadaab, akapata nafasi ya kuishi Norway, kisha akarudi. Alitunukiwa kwa sababu ya vitabu: vipatavyo 100,000 alivyovikusanya na kuvifikisha kambini, pamoja na maktaba alizozifungua. Mwenyewe ameeleza kwamba yote yalianza pale msichana mmoja wa kambini alipomwomba kitabu cha biolojia, kwani alitaka kuwa daktari.

Kitabu cha biolojia, wasomaji wangu, ndimo mlimo na sura ya ubongo. Tuzo iliyobeba jina la mtafiti wa neva ilimwendea mtu aliyekipeleka kitabu hicho Dadaab. Sijui kama waliomchagua walilifikiria hilo. Kwangu lilinikosesha usingizi usiku mmoja.

Ifo ndiyo kambi kongwe ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka wa 1991 dola ya Somalia ilipoanguka. Pamoja na Dagahaley na Hagadera ilikusudiwa watu 90,000. Leo Dadaab nzima ina watu zaidi ya laki tatu. Wamo watoto wa waliozaliwa papo hapo. Shule zake hufuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo mtoto huzungumza Kisomali nyumbani, husoma Kiingereza na Kiswahili darasani, na Kiarabu katika chuo.

Je, mwalimu wa Ifo akianza kuumwa kichwa alfajiri, akatapika, akawa anayasahau majina ya wanafunzi wake, njia yake ni ipi? Katika Kisomali atasema ana madax xanuun, maumivu ya kichwa. Ubongo ni maskax na uvimbe ni buro, lakini hakuna mgonjwa anayeyaleta maneno hayo zahanatini kabla hajaelezwa. Mkalimani atatafsiri “kichwa kinamuuma”, na tabibu ataandika “headache” katika daftari lililojaa neno hilo hilo. Kule kusahau majina, ambako ndiko kulikobeba habari yote, kumeanguka njiani kati ya lugha mbili. Nimewahi kuwafunza walimu wa huko, na mmoja wao aliniambia kuwa husahau kwa aina hiyo mtu hakutaji hospitalini hata kidogo. Hudhani ni uchovu, ama jicho la hasidi.

Tuseme ameshukiwa. Kutoka Dadaab hadi mjini Garissa ni kilomita 100 hivi, na hadi Nairobi ni nyingine zaidi ya 350. Mkimbizi huhitaji kibali kabla hajatoka kambini. Ni kweli kwamba Garissa imepata kituo chake cha saratani, na hilo si haba. Lakini tangu mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani huainisha aina kadhaa za uvimbe wa ubongo kwa kuzitazama jeni zake, wala si umbo la seli peke yake. Maana yake ni kwamba uvimbe usiofika maabara yenye uwezo huo haupati hata jina lake kamili. Usio na jina hauingii katika hesabu, na mwombaji wa ruzuku huulizwa kwanza: wagonjwa wako ni wangapi?

Najua nitakayojibiwa. Mtu ataniambia, “Bwana mhadhiri, watu hao wamepunguziwa mgao wa chakula mara kadhaa, nawe unawahubiria ubongo?” Neno lake lina uzito. Ila nina jambo la kumwonyesha, nalo liko Mbale, mashariki mwa Uganda.

Mwaka wa 2000 mpasuaji Benjamin Warf alihamia Mbale kuanzisha hospitali ya CURE ya watoto. Watoto wengi walioletwa walikuwa na kichwa maji, maradhi ambayo husababishwa pia na baadhi ya uvimbe unaoziba njia za maji ya ubongo. Tiba iliyozoeleka duniani ilikuwa kutia mrija wa kuyapeleka maji hayo tumboni. Mrija huziba, na ukiziba mtoto asipofikishwa hospitalini upesi hufa. Mjini Boston huenda hilo likawa usumbufu wa usiku mmoja. Kwa mama wa kijijini anayetembea siku nzima kuifikia barabara, ni kaburi. Warf akatafuta njia isiyohitaji mrija: kwa kutumia darubini nyembamba alifungua tundu ndani ya ubongo na kuunguza sehemu ya tishu inayotoa maji. Mwaka wa 2012 wakfu wa MacArthur wa Marekani ukamtunuku dola 500,000. Mwaka wa 2017 jaribio la watoto 100 lililofanywa Mbale lilichapishwa katika jarida kubwa la utabibu, likaonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja akili za watoto waliotibiwa kwa njia hiyo hazikutofautiana kwa kiasi cha maana na za waliotiwa mrija.

Swali hilo lisingeulizwa Boston, kwa kuwa Boston haikuhitaji kuuliza. Umbali wa hospitali ndio uliolizaa. Basi mimi nauliza: umbali wa Ifo, na lugha za Ifo, zinaweza kuzaa swali gani?

Hapa narudi katika fani yangu. Uvimbe ukiwa karibu na sehemu za lugha, mpasuaji mara nyingi humwamsha mgonjwa fuvu likiwa wazi. Msishtuke, ubongo wenyewe hauna maumivu, na ngozi ya kichwa hutiwa ganzi. Mgonjwa huonyeshwa picha na kuambiwa azitaje, huku mpasuaji akigusa sehemu mbalimbali za ubongo kwa umeme hafifu. Akiguswa mahali akashindwa kusema “jembe”, mahali hapo hutiwa alama, na kisu hakipiti. Wilder Penfield aliiendeleza kazi hiyo mjini Montreal tangu miaka ya 1930. Mwaka wa 1978 George Ojemann na mwanaisimu Harry Whitaker walionyesha kuwa kwa mtu wa lugha mbili, sehemu zinazohusika na kila lugha huweza kutofautiana. Mwaka wa 1989 Ojemann na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 117, na ilidhihirika kuwa ramani ya lugha hutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Mgonjwa akipimwa kwa lugha yake moja pekee, nyingine yaweza kukatwa bila ya mtu kujua.

Mwalimu wetu wa Ifo apimwe kwa lugha ipi? Na Kisomali chenyewe ni kipi? Wako wasemao Maay, ambayo msemaji wa Kisomali cha kaskazini huifuata kwa taabu. Dadaab imewahi kuwahifadhi Wasomali wa asili ya Kibantu ambao baadhi yao husema Kimushunguli, lugha iliyo ndugu wa damu wa Kizigua cha Tanzania. Vipimo haviwezi kutafsiriwa kutoka Kiingereza na kumalizika. Kisomali kina jinsia ya kiume na ya kike, na nomino nyingi hubadili jinsia zinapokuwa za wingi. Kiswahili kina ngeli. Mgonjwa asemaye “kitabu kizuri” jana na “kitabu mzuri” leo ametoa ishara ambayo kipimo cha Kiingereza hakina pa kuiandika. (Isipokuwa, bila shaka, kama hivyo ndivyo alivyosema maisha yake yote, na Nairobi wako wengi.)

Wako wapasuaji wa kanda hii wanaoweza kulishughulikia jambo hili. Claire Karekezi wa Rwanda alifadhiliwa kwenda Toronto kujifunza upasuaji wa uvimbe wa ubongo, akarudi kwao mwaka wa 2018. Nairobi imekuwa na upasuaji wa ubongo tangu Renato Ruberti wa Italia alipofika katika miaka ya 1960, na sasa hufunza wataalamu wake yenyewe. Wanachokikosa si mikono. Ruzuku ninayoipendekeza iombwe na watatu kwa pamoja, yaani mpasuaji, mwanaisimu, na mwalimu wa Ifo, naye awe mtafiti kamili mwenye jina lake kwenye makala. Hela zake ni kidogo, kwa sababu hatua ya kwanza haihitaji mashine. Inahitaji picha mia moja hivi, na watu wazima wenye afya wa kuzitaja, kwa kila lugha, ili tujue mzima husemaje kabla ya kumhukumu mgonjwa.

Kazi hiyo inaweza kuanzishwa na darasa la kidato cha tatu muhula huu. Chukueni picha ya chombo cha plastiki cha kuchotea maji, kile cha manjano ambacho kila mtoto wa Ifo amekipanga foleni bombani. Waulizeni watu hamsini wakitaje kwa Kiswahili. Mmoja atasema mtungi, wa pili jerikani, na aliyepitia Tanzania atasema dumu. Andikeni yote, pamoja na umri wa msemaji, lugha ya mama yake, na mahali alipokulia, kisha mwende kwenye picha ya pili.