Usinunue tangi kuukuu kabla ya kupima unene wake

WAFANYABIASHARA wengi wa Kinondoni wanaofungua karakana au viwanda vidogo vya kusindika vyakula hawana mtaji wa kununua mitambo mipya. Hukimbilia matangi, boila na mabomba yaliyokwishatumika. Kwa nje huwa yamepigwa rangi yakang'aa, lakini kwa ndani, mahali maji yanapotuama, kutu huendelea kula chuma kimya kimya. Boila iliyoliwa hivyo inaweza kupasuka na kuua.

Kugonga kwa nyundo hakutoshi, na kutoboa tundu ni kuharibu mali. Njia iliyo bora ni kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho hufanyika upande mmoja tu wa chuma, bila kukiharibu.

Fundi hupaka grisi au mafuta mazito, kisha huweka kichwa cha kifaa juu yake. Kifaa hutuma sauti isiyosikika kwa sikio, mara nyingi ya megahezi 5. Sauti hiyo hufika upande wa pili na kurudi kama mwangwi. Katika chuma cha kawaida husafiri takriban mita 5,900 kwa sekunde. Ikienda na kurudi kwa mikrosekunde 3.4, yaani sehemu 3.4 za milioni ya sekunde, chuma kina unene wa milimita 10.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni kasi. Chuma cha kusubu hupitisha sauti polepole zaidi, na kasi yake hutofautiana. Kikiwa na kasi ya mita 4,600 na kifaa kikaachwa kwenye 5,900, ukuta wa milimita 8 utasomeka zaidi ya 10. Mnunuzi atafurahia unene usiokuwapo.

Mtego wa pili ni rangi. Ndani ya rangi sauti hutembea taratibu, hivyo tabaka la nusu milimita linaweza kuongeza zaidi ya milimita moja kwenye usomaji. Rangi ikwanguliwe, au kitumike kifaa kinacholinganisha mwangwi na mwangwi.

Cha kudai

Mnunuzi amtake fundi arekebishe kifaa mbele yake kwa kipande cha chuma cha aina ileile chenye unene unaojulikana. Apime sehemu nyingi, hususan kitako na kandokando ya maungio, kwa kuwa kutu haili sawasawa.

Baada ya hapo ni hesabu. Tangi lililotengenezwa kwa bamba la milimita 8 likiwa na 6 baada ya miaka 10, limepoteza 0.2 kila mwaka. Kama kiwango cha mwisho cha usalama ni milimita 5, limebakiza takriban miaka mitano, iwapo kutu haitaongeza kasi. Bei nayo ijadiliwe kwa msingi huo.

Huduma ya upimaji usioharibu haiko mbali. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania (TIRDO), lililoanzishwa mwaka 1979, lina makao yake Msasani na hufanya kazi hiyo. Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inataka boila zikaguliwe. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko hasara ya kununua chuma kilichokwisha, sembuse uhai wa wafanyakazi wanaosimama kando yake kila siku.