Mzigo wa Mshauri

Somo: Hesabu 11:10–17



Mtu akisema amechoka kuishi, twamkimbilia yeye kwanza, na ndivyo ipasavyo. Lakini leo tumwangalie yule aketiye kumsikiliza: daktari wa magonjwa ya akili, mshauri, au mchungaji. Mgonjwa akiisha kwenda zake, yeye hubaki na maneno aliyoyasikia. Simu ikilia usiku, moyo hushtuka. Na ikitokea kwamba mgonjwa amejiua, mshauri hulia kama mfiwa, tena hujihukumu: "Ni neno gani sikumwuliza?" Wengine huogopa hata kumpokea mgonjwa mwingine. Huo si upungufu wa imani wala wa ujuzi. Asikiaye kilio kwa karibu huumia.

Musa aliyajua hayo. Alipochoka kuwabeba watu peke yake, alimwomba Mungu amwue. Mungu hakumkemea. Alimwagiza akusanye wazee sabini, wauchukue mzigo pamoja naye.

Mwaka 1935 kasisi kijana wa Uingereza, Chad Varah, alimzika msichana aliyejiua. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 1953, katika kanisa la St Stephen Walbrook, London, alianza kuwasikiliza kwa simu watu waliokata tamaa. Wengi wakaja. Walipokuwa wakingoja zamu, wasaidizi wa kujitolea waliwapa chai na kuzungumza nao, na wengi wakatulia hata kabla ya kumwona kasisi. Mwaka 1954 akawakabidhi wasaidizi hao kazi ya simu. Naye alikuwa amepata wazee wake sabini.

Basi, wewe ushauriye, usibebe peke yako. Tafuta mwenzako mwenye ujuzi, umweleze yaliyokulemea. Na uhai wa mtu ukiwa hatarini, hiyo si siri ya kuificha. Ita msaada upesi.

Nawe mshirika, mwulize mchungaji wako, "Mchungaji, wewe mwenyewe u hali gani?" Kisha keti, usikie jibu.

Na wewe unayewaza kufa, usinyamaze kwa kuogopa kumlemea mtu. Mwambie mmoja leo. Mzigo wako una wachukuzi wengi kuliko unavyodhani.

Tuombe. Ee Bwana, uwatie nguvu wasikiao vilio vya watu, uwape na wenzao wa kuwasikiliza. Amina.