Jinsi Yai la Chura Linavyopevuka

Tangu miaka ya 1930, hospitali za nchi mbalimbali zilimtumia chura wa majini wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, kupimia mimba. Chura jike alidungwa mkojo wa mwanamke. Iwapo mwanamke huyo alikuwa mjamzito, chura alitaga mayai katika muda wa saa 24 hivi. Je, mkojo huo ulikuwa na nini?

Ulikuwa na homoni ifanyayo kazi kama ile ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo wa chura. Homoni hiyo haliamrishi yai lenyewe. Huziamrisha seli ndogo zilizolizunguka, nazo hutoa homoni nyingine, kama vile projesteroni.

Yai changa ni seli moja yenye upana upatao milimita 1.2. Limesimama katika hatua za mwanzo za miosisi, yaani mgawanyiko upunguzao kromosomu, na haliwezi kurutubishwa. Likiisha kuguswa na projesteroni, baada ya saa chache utando wa kiini chake huvunjika, na doa jeupe huonekana kwenye upande wake mweusi. Kisha yai huendelea hadi mgawanyiko wa pili, ambapo husimama tena likingojea mbegu ya kiume.

Mwaka 1971 Yoshio Masui na Clement Markert walichunguza mayai ya chura wa Marekani, Rana pipiens. Projesteroni ilipowekwa nje ya yai, yai lilipevuka. Ilipodungwa ndani, halikupevuka. Basi ujumbe hupokelewa juu ya yai. Tena, walipotoa saitoplazimu ya yai lililopevuka na kuidunga katika yai changa, hilo nalo lilipevuka pasipo homoni. Hata yai lililoondolewa kiini lilitengeneza nguvu hiyo. Kumbe katika jambo hili kiini hutii tu. Amri hutoka katika saitoplazimu.

Leo yajulikana kwamba projesteroni hupunguza ndani ya yai kemikali iitwayo AMP ya mduara, iliyokuwa breki. Breki ikilegea, yai hutengeneza protini mpya, na mwishowe kimeng'enya Cdc2 huamka kikiwa kimeungana na protini iitwayo saiklini B. Viwili hivyo hubandika fosfati kwenye protini nyingine, na kazi ya mgawanyiko huanza. Manfred Lohka, Marianne Hayes na James Maller walivitenga katika mayai ya Xenopus mwaka 1988.

Viungo vya namna hiyohiyo huongoza mgawanyiko wa seli za hamira na za binadamu. Udhibiti wake ukiharibika, seli huweza kugawanyika ovyo, kama ionekanavyo katika saratani. Ndiyo maana yai la chura lastahili kuchunguzwa kwa makini.