Wapwani waelezwe habari za bahari kwa lugha waijuayo

Wakazi wa Kipini, penye mlango wa Mto Tana, hawahitaji mtaalamu wa kuwaambia kwamba bahari inakula nchi. Wameziona nyumba zikitwaliwa na mawimbi. Wanachokosa ni maelezo: ni kwa nini haya yanatukia, na ni lipi lililo katika uwezo wao?

Maelezo hayo aghalabu hutolewa kwenye warsha, kwa istilahi zisizomfaa mvuvi. Matokeo yake ni kwamba wapo wasemao kuwa haya ni majaaliwa ya Mola, na wapo wanaolaumu tabianchi kwa kila kitu. Wote huishia kukunja mikono.

Yafaa ieleweke kuwa haya ni mambo mawili yanayoandamana. La kwanza ni kupanda kwa kina cha bahari. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu ikiyeyuka huyaongeza. Baina ya 1901 na 2018, bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kote duniani. Kwa mtu wa Mombasa, aliyezoea maji ya bamvua yapandayo zaidi ya mita tatu, kiasi hicho ni kama si kitu. Lakini sentimita hizo huongezwa juu ya bamvua, na wimbi lililokuwa likikomea mchangani sasa hufika kwenye mizizi ya mnazi.

La pili ni mmomonyoko wa ufuo, ambao mara nyingi huchochewa na mikono yetu. Mikoko ikikatwa, mchanga ukichotwa kwa ujenzi, na matumbawe yakifa kama yalivyokufa kwa wingi kutokana na joto la 1998, ufuo hubaki bila ngao. Wahenga walituonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Ufuoni, hata huo ukuta si dawa daima, kwani huweza kulisukuma wimbi hadi kwa jirani.

Elimu basi na ianzie kwenye yale Mpwani ayajuayo: bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Hapa walimu wana nafasi adhimu. Wanafunzi na wachague alama isiyohama, kama vile ukuta wa shule, kisha wapime kwa kamba umbali hadi maji yanapokomea kila Machi na Septemba, wakati ambapo maji ya bamvua huwa makubwa zaidi. Vipimo viandikwe daftarini mwaka baada ya mwaka. Kijiji kitapata ushahidi wake chenyewe wa kuiwekea serikali ya kaunti mezani.

Wenzetu wa Gazi, Kwale, wameonyesha njia. Tangu 2013, mradi wao wa Mikoko Pamoja huwapatia fedha kutokana na kaboni inayohifadhiwa na mikoko, nazo husaidia shule na maji. Waliielewa thamani ya mti, wakaulinda. Ufuo nao utalindwa hivyo hivyo, na wale waliofunzwa kuuelewa.