Sukari na Ngozi (Sehemu ya Nne): Weusi wa Shingo Usiotoka kwa Dodoki

Mjadala wa bei ya sukari uliopamba moto nchini Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2024, pale mvua kubwa zilipokwamisha uvunaji wa miwa na serikali ikapanga bei elekezi, ulihusu mfuko wa mlaji peke yake, na ni wachache waliouliza bidhaa hiyo inayosakwa kwa udi na uvumba hufanya nini katika mwili wa anayeipata. Kongosho, insulini na kisukari vimekwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia, hivyo havitarudiwa. Linalobaki ni suala la ngozi, nalo halieleweki vyema bila kutazama kwanza namna sukari ilivyowafikia watu.

Muwa ulianza kulimwa New Guinea maelfu ya miaka iliyopita, ukafika India, ambako watu walijifunza kuchemsha maji yake hadi yakaganda kuwa chembe, kisha Waajemi na Waarabu wakaueneza hadi Misri na Hispania. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kilimo hicho kilishamiri katika bonde la mto Pangani katika karne ya 19, kwenye mashamba ya matajiri wa Kiarabu, ambako watumwa walikata miwa, wakaikamua vinuni na kuchemsha maji yake katika masufuria makubwa hadi yakawa sukari guru. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo, jambo lisilopaswa kusahauliwa na wanaomkumbuka kwa ushujaa wake tu, kwa kuwa utamu huo ulilipiwa kwa migongo ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Baadaye vikaja viwanda, kikiwemo cha Miwani karibu na Kisumu katika miaka ya 1920 na kile cha TPC kilichoanzishwa na Wadenmaki huko Arusha Chini mwaka 1930, na kitu kilichokuwa anasa kikawa cha kila kibanda cha chai.

Kinachofanywa na sukari hiyo katika ngozi huanza kueleweka kupitia kemia: mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi sukari inavyoungana na viini vya protini na kutoa rangi ya kahawia, badiliko lilelile linaloupa mkate ganda lake tanurini. Kwamba jambo linalofanana na hilo hutokea pia ndani ya mtu aliye hai, kwa joto la mwili tu, kulianza kudhihirika baada ya Samuel Rahbar, akifanya kazi Tehran, kugundua mwaka 1968 hemoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari, ugunduzi ambao ndio msingi wa kipimo cha sukari ya damu kiitwacho A1c, kinachotumika hospitalini hadi leo. Muungano huo usiohitaji kimeng'enya chochote huitwa glaikesheni. Chembe nyekundu ya damu huishi miezi minne hivi na kuondoka na sukari iliyoishika, lakini kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, hudumu kwa miaka mingi, hivyo uharibifu hujilimbikiza humo, nyuzi zikafungamana na kukakamaa, na ngozi ikapoteza mnyumbuko wake mapema.

Kuhusu chunusi, mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakazi 1,200 wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambao hawakuonekana na chunusi hata mmoja, vijana wakiwemo; walikula viazi, matunda, nazi na samaki, na sukari ya dukani karibu hawakuitumia, ingawa waliishi katika eneo lilelile la dunia ambako muwa ulianzia. Urithi nao una nafasi yake, lakini inafahamika kwamba vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa kasi huongeza insulini, nayo huchochea homoni zinazozidisha mafuta ya ngozi na kuziba vinyweleo.

Dalili inayostahili kuzingatiwa kuliko zote ni ngozi ya shingo na makwapa inayogeuka nyeusi, nene na laini kama mahameli, kwa sababu insulini iliyozidi huzifanya chembe za ngozi zizaliane kupita kiasi. Mtoto mwenye shingo hiyo husuguliwa kwa dodoki hadi achubuke, akigombezwa kuwa haogi, na mtu mzima hukimbilia mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania na ambavyo bado vinauzwa kwa kificho. Huo ni udhalimu dhidi ya mwili uliokwisha kutoa taarifa yake: zebaki huharibu figo, na chanzo cha weusi hakiguswi kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai; soda moja ya chupa huweza kukipita kiasi hicho kabla chai ya asubuhi haijahesabiwa. Mwenye shingo iliyogeuka nyeusi hivyo anapaswa kupimwa sukari ya damu, na akipunguza vinywaji vitamu na uzito uliozidi, weusi hufifia taratibu kwa muda wa miezi bila krimu yoyote.