Upele, choa au ukurutu? Tambua kinachowasha kabla ya kupaka dawa

MTOTO anapoanza kujikuna, jambo la kwanza linalofanywa katika nyumba nyingi ni kutafuta krimu. Huombwa iliyobaki kwa jirani, au mzazi hupitia dukani na kuuliza ‘dawa ya ngozi’, kana kwamba ngozi ina ugonjwa mmoja tu. Baada ya siku tatu mwasho hutulia na kila mtu hufurahi. Majuma mawili baadaye, mabaka hurejea yakiwa makubwa kuliko awali, na ndugu zake mtoto huyo nao wameanza kujikuna.

Hali hii hujirudia kwa sababu magonjwa mengi ya ngozi hufanana kwa macho ilhali vyanzo vyake ni tofauti kabisa. Upele huletwa na mdudu. Choa huletwa na kuvu. Ukurutu nao hauambukizwi na mtu wala kitu, bali hutokana na udhaifu wa ngozi yenyewe. Dawa inayomfaa mgonjwa wa ukurutu yaweza kumzidishia madhara mwenye choa, na krimu ya choa haimsaidii kitu mwenye upele.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.8 huwa na tatizo la ngozi la aina moja au nyingine kwa wakati wowote ule. Mwaka wa 2017, shirika hilo liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Mnamo Mei 2025, Baraza Kuu la Afya Duniani nalo lilipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala linalostahili kupewa kipaumbele na mataifa yote.

Hata hivyo, madaktari bingwa wa ngozi nchini Kenya ni wachache na aghalabu hupatikana katika miji mikubwa. Kwa hivyo mzazi, mwalimu wa bweni na mhudumu wa zahanati ndio hulazimika kuamua mwanzo. Maswali matatu huweza kuwaongoza: Mwasho huzidi wakati gani? Ni sehemu gani za mwili zilizoathirika? Je, kuna mtu mwingine nyumbani anayejikuna?

Isitoshe, msomaji anapaswa kukumbuka kuwa maelezo mengi ya vitabuni husema ngozi iliyoathirika huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi, wekundu huo mara nyingi hauonekani. Badala yake, sehemu husika huwa ya hudhurungi iliyokolea, zambarau au kijivu, na huenda ikawa na joto au ukavu unaohisika kwa kiganja kabla ya kuonekana kwa macho.

Upele: Mwasho wa usiku

Upele husababishwa na utitiri, mdudu mdogo mno ambaye ni vigumu kumwona kwa macho. Jike huchimba njia chini ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Mwasho hutokana na jinsi mwili unavyompinga mdudu huyo pamoja na mayai na kinyesi chake.

Dalili kuu ni mwasho unaozidi usiku, mtu anapopata joto kitandani. Vipele vidogo hutokea katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, kwenye matako na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga, huweza pia kuonekana viganjani, nyayoni na hata kichwani.

Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa majuma manne hadi sita bila kuhisi chochote, ilhali tayari anawaambukiza wenzake. Ndiyo sababu ugonjwa huu huenea upesi katika mabweni ya shule, magereza na nyumba ambamo watu wengi hulala kitanda kimoja. Haumaanishi kuwa mtu ni mchafu. Hata anayeoga mara mbili kwa siku huupata akigusana na mgonjwa kwa muda.

Matibabu hutegemea krimu ya permethrini ya asilimia tano, au losheni ya benzili benzoati ambayo kwa watoto huzimuliwa kwa kufuata maelekezo ya mhudumu wa afya. Permethrini hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, si penye vipele pekee, na huachwa usiku kucha kwa saa nane hadi 14 kabla ya kuoga. Watoto wachanga hupakwa hata kichwani, huku macho na mdomo vikiepukwa. Dawa hurudiwa baada ya juma moja au mawili. Vilevile, vipo vidonge vya ivermektini, lakini havitolewi kwa wajawazito wala kwa watoto wenye uzani wa chini ya kilo 15 bila uamuzi wa daktari.

Kosa linalowaponza wengi ni kumtibu mgonjwa peke yake. Watu wote wanaoishi nyumba moja hupaswa kupaka dawa siku ile ile, wawe wanajikuna au la. Siku hiyo hiyo, nguo, shuka na taulo zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa siku kadhaa, maadamu utitiri hauishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya mwili wa binadamu.

Aidha, mwasho waweza kuendelea kwa majuma mawili hadi manne hata baada ya wadudu wote kufa. Kuendelea huko si ishara kwamba dawa imeshindwa, na si sababu ya kupaka permethrini kila usiku.

Choa: Duara lenye ukingo

Choa, ambacho wengi hukiita mashilingi kwa sababu ya umbo lake la sarafu, husababishwa na kuvu. Huanza kama kipele kimoja, kisha hupanuka na kuwa duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, huku katikati pakionekana kana kwamba pamepona. Hupitishwa kwa kugusana, kwa kutumia taulo au kitana kimoja, kwa mashine za kunyoa zisizosafishwa vizuri, na hata na paka, mbwa na ng’ombe.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa krimu kama vile klotrimazoli, inayopakwa mara mbili kwa siku na kupitiliza kidogo nje ya ukingo wa duara. Dawa iendelee kwa majuma mawili hadi manne, wala isikatizwe siku ile mabaka yanapofifia.

Choa cha kichwani, yaani barango au mapunye, kina kanuni yake. Huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule, na huacha mabaka yenye magamba ambapo nywele hukatika. Krimu pekee haikiponyi, kwa kuwa kuvu huwa imeingia ndani ya unywele ambako dawa ya kupaka haifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini au terbinafini, kwa majuma kadhaa na kwa kipimo kinachotegemea uzani wake. Griseofulvini hufyonzwa vyema ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, mathalani maziwa. Kumnyoa mtoto kipara na kumpaka ndimu au mafuta ya taa hakuui kuvu, na huweza kuichoma ngozi yake.

Ukurutu: Ngozi inayopoteza maji

Ukurutu aghalabu huanza kabla mtoto hajafikisha miaka mitano, mara nyingi katika mwaka wa kwanza. Hupatikana zaidi katika familia zenye historia ya pumu au mafua yanayochochewa na vumbi na chavua. Mtoto mchanga hupata mabaka makavu mashavuni na kichwani. Mkubwa huyapata kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Ngozi huwasha, mtoto hujikuna, na kadiri anavyojikuna ndivyo inavyozidi kukauka na kuwa nene.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna sababu ya kumtenga mtoto darasani au kumkataza kucheza na wenzake.

Nguzo ya matibabu ni kuilinda ngozi isikauke. Mtoto aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo na manukato, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu kabla mwili haujakauka kabisa. Mafuta hayo hupakwa mara kadhaa kwa siku, hata wakati ambapo mabaka yametulia. Hali inapochacha, mhudumu wa afya huweza kuagiza krimu nyepesi ya steroidi, kama vile haidrokotizoni ya asilimia moja, kwa siku chache. Nguo za pamba hufaa zaidi kuliko za sufu, na kucha za mtoto zikatwe fupi.

Ukurutu hauna tiba ya kuumaliza mara moja, ingawa watoto wengi hupata nafuu wanapokua. Yeyote anayeahidi kuuponya kwa chupa moja ya dawa anastahili kutiliwa shaka.

Vipele vingine vya kawaida

Si kila kipele ni ugonjwa mkubwa. Harara, ambayo ni vipele vidogo vya joto, huwapata watoto katika maeneo kama Mombasa, Garissa na Lodwar, hasa wanapovikwa nguo nyingi. Jasho huziba katika vijitundu vyake; dawa ni kumpunguzia mtoto nguo na kumweka penye hewa.

Vidonda vyenye gamba la rangi ya asali karibu na pua au mdomo huashiria maambukizi ya bakteria, ambayo huhitaji dawa ya antibiotiki. Yakipuuzwa, baadhi ya bakteria hao huweza kusababisha madhara kwenye figo.

Kwa vijana, chunusi haziletwi na uchafu wala tamaa, jinsi inavyodhaniwa. Hutokana na homoni zinazoongeza mafuta ya ngozi na kuziba vinyweleo. Kuzikamua huacha makovu, na krimu yenye benzoili peroksaidi huhitaji majuma sita hadi manane kabla ya kuonyesha matokeo. Mba wa mwilini nao huleta madoa meupe au meusi kifuani na mgongoni. Huhitaji dawa ya kuvu, ila rangi ya ngozi huchukua miezi kurejea hata baada ya kuvu kufa.

Kwa watu wazima, malengelenge yenye maumivu makali yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili ni dalili ya mkanda wa jeshi. Huu hautokani na kurogwa bali ni virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini tangu utotoni. Dawa yake hufanya kazi vyema ikianzwa katika muda wa saa 72 tangu vipele kutokea. Kwa kijana, ni busara pia kupima virusi vya Ukimwi, kwa kuwa mkanda wa jeshi hujitokeza kinga inapopungua.

Hatari ya krimu mseto

Chanzo kikubwa cha madhara ni krimu zenye mchanganyiko wa steroidi kali, dawa ya kuvu na antibiotiki, zinazouzwa bila cheti cha daktari. Steroidi kama betamethazoni au klobetasoli hutuliza mwasho upesi, na hapo ndipo mtego ulipo. Choa kikipakwa steroidi, mwasho hupungua na ukingo wa duara hufifia, lakini kuvu huendelea kusambaa bila kipingamizi. Mgonjwa anapofika hospitalini, hata daktari huweza kutatizika kuutambua.

Zikitumiwa kwa miezi, dawa hizo huikonda ngozi, huleta michirizi isiyofutika na chunusi usoni. Kwa mtoto, huweza kupenya hadi kwenye damu na kutatiza ukuaji. Baadhi ya watu huzitumia makusudi ili wajichubue. Wengine hununua vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, ambavyo Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilivipiga marufuku. Zebaki huharibu figo.

Wakati wa kumwona daktari

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri krimu yoyote. Mgonjwa apelekwe hospitalini haraka iwapo vipele vinaandamana na homa, kikohozi na macho mekundu, kwani huenda ikawa surua. Hali kadhalika iwapo kuna madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa kwa gilasi, ngozi inayobambuka, au malengelenge mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa mpya.

Baka lililofifia rangi na lisilohisi mguso wala joto lichunguzwe, kwa kuwa huenda ni ukoma. Ugonjwa huo bado upo, ila hupona kwa dawa zinazotolewa bila malipo kwa miezi sita hadi 12, na ukiwahiwa hauachi ulemavu. Doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya ukucha pia lisipuuzwe. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mnamo 1981 kutokana na saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, ushahidi kuwa ngozi nyeusi haina kinga kamili dhidi ya maradhi hayo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Upele na choa haviui kwa kawaida, lakini aibu inayoviandama huwafanya watu wavifiche hadi nyumba nzima iambukizwe. Anayekwenda zahanati abebe dawa zote alizokwisha kupaka, hata zile za jirani, na aeleze ni nani mwingine anayejikuna nyumbani. Mara nyingi, maelezo hayo mawili humsaidia mhudumu kutambua ugonjwa upesi kuliko kipimo chochote.