Fahamu: 'Jeshi la nzi' la Saudi Arabia ni nini?

Ni jina ambalo wapinzani wa serikali ya Saudi Arabia wameupa mtandao wa akaunti zinazoisifu serikali na kuwashambulia wakosoaji wake. Mwandishi Jamal Khashoggi, aliyeuawa Istanbul Oktoba 2, 2018, alikuwa miongoni mwa walioandamwa.

Linafanyaje kazi?

Mwezi huohuo gazeti la The New York Times liliripoti kuwa vijana walioajiriwa Riyadh walikuwa wakipewa orodha ya watu wa kuwatisha na idadi ya jumbe za kutuma kila siku. Mshahara ulikuwa takriban riyali 10,000 kwa mwezi. Mada nyeti, kama vita vya Yemen vilivyoingiliwa na Riyadh mwaka 2015, zilizimwa kwa kelele. Msomaji anayeona maelfu wakisema jambo moja huamini huo ndio msimamo wa umma. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Desemba 2019 Twitter iliondoa akaunti 5,929, sehemu ya kundi la zaidi ya 88,000 lililohusishwa na kampuni ya Saudia, Smaat.

Na anayepinga?

Mwaka 2022 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Leeds alihukumiwa nchini Saudi Arabia miaka 34 jela kwa sababu ya jumbe zake za Twitter. Adhabu ilipunguzwa baadaye, akaachiwa Februari 2025.

Afrika Mashariki je?

Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walibaini Wakenya waliolipwa dola 10 hadi 15 kusukuma hashtegi za kisiasa. Kabla ya kusambaza hashtegi, chunguza nani aliianzisha.